Wote Walianguka na Ndoo

Katika zahanati yetu hakuna mwanamke aliyewahi kutoa mimba. Nimefanya kazi ya uuguzi hapo kwa miaka kumi na moja, pembeni ya barabara ya vumbi inayokwenda Bulyanhulu, na ushahidi ni maandishi yangu mwenyewe. Wanawake wa kwetu huanguka. Wanatoka kisimani na ndoo kichwani, wanateleza, wanaanguka, mimba inaharibika. Wachache huanguka kwenye bodaboda, na mmoja alisema amepigwa teke na ng'ombe, lakini huyo alikuwa mgeni na hakuujua utaratibu. Wengine wote ni ndoo. Hata kiangazi, visima vikiwa vimekauka na maji yakiletwa na lori la boza, bado wanaanguka na ndoo.

Nami nilikuwa siulizi. Mgonjwa akija ameshika kiuno, kanga imelowa, nilifunga mlango, nikamlaza, nikampima presha, nikamwangalia. Akisema, "Nesi, nilianguka na ndoo," nilisema, "Pole, mwanangu." Nikimaliza kumsafisha naandika kwenye daftari lake: Mimba imeharibika yenyewe. Amesafishwa. Apumzike siku saba. Huku kwetu mgonjwa huja na daftari la shule, lile jembamba, na hilo ndilo faili lake. Anakaa nalo nyumbani, akiugua tena anarudi nalo. Kwa hiyo maneno yangu yamelala kwenye nyumba nyingi, chini ya magodoro na ndani ya masanduku. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa tangu shule ya msingi.

Watu wa mjini hupenda kuniuliza kama siku hizi wanaotoa wameongezeka au wamepungua. Sijui niwaambie nini. Najua kwamba duara likitema, yaani shimo la wachimbaji likitoa dhahabu, bia zinanunuliwa, wanaume wanaoa kwa wiki mbili, na baada ya miezi mitatu ndoo zinaanza kuanguka. Najua kwamba zamani walikuja na homa kali na harufu, kwa sababu ya mizizi na vijiti, na siku hizi wengi wanakuja na damu tu, kwa sababu kuna vidonge. Hilo ndilo badiliko nililoliona kwa macho yangu. Kwenye rejista ya zahanati halionekani, maana humo namo nimeandika maneno yale yale.

Sikuanza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa muulizaji mkali. Nilikuwa nimetoka chuo, kichwa kimejaa, na mkubwa wetu wa wakati ule alituambia kwamba mwenye dalili za kutoa aandikwe na polisi wapelekewe taarifa. Kama sheria ilisema hivyo kweli, au ulikuwa woga wake tu, sikuchunguza. Akaja binti mmoja mponda mawe, mikono imepasuka, miaka yake kama kumi na minane. Nilimhoji mlango ukiwa wazi, na akina mama wa kliniki walikuwa kwenye benchi wanasikiliza. Umekunywa nini? Nani kakupa? Alikuwa anatazama miguu yake. Binti wa Kisukuma aliyelelewa vizuri, akiulizwa jambo la aibu na mkubwa, hajibu, anainama. Nilijua hilo. Nimezaliwa Shinyanga mjini, Kambarage, lakini mama yangu ni Msukuma na alinilea hivyo hivyo. Siku ile lakini nikaona ananidharau. Nikamwambia, "Mficha uchi hazai. Nenda dukani kanunue daftari, na ukirudi uje na mdomo."

Alikwenda, hakurudi. Kesho kutwa yake dada yake alimleta kwa bodaboda, amemweka katikati yake na dereva, amemfunga na kanga asidondoke. Mwili ulikuwa umeshapoa. Dada alikuwa na daftari mkononi, jipya, halijaandikwa hata jina. Alikuwa amelinunua kama nilivyomwambia.

Nililia wiki nzima, halafu nikaacha. Nikanunua madaftari nikayaweka kwenye droo, nikaanza kufunga mlango, na nikaacha kuuliza. Hakuna aliyenipangia. Habari ilikwenda yenyewe mpaka mialoni, kule wanakooshea udongo wa dhahabu: nenda kwa nesi yule, sema umeanguka. Hakufa mwingine mikononi mwangu. Nilijiona nimepata dawa, na kwa kweli nilijivuna.

Huyu ninayetaka kumsimulia alikuja masika ya mwaka juzi, asubuhi, peke yake. Mumewe alikuwa mchimbaji kwenye maduara ya jirani, na kwao mume ni Kagongwa, kwenye mpunga. Alikuwa na miaka kama ishirini na minne. Alipiga goti kunisalimia huku damu inamchuruzika mguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, usinichafulie sakafu," nikasema. Ndivyo ninavyoongea, na walionizoea hawachukii.

Alisema ameanguka na ndoo. Alitaja na mahali: kwenye kimteremko cha udongo mwekundu nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Alisema ndoo yenyewe imepasuka. Akanionyesha na kiwiko kilichochubuka. Nikasema, "Pole, mwanangu," nikaendelea kukata pamba. Wanaodanganya huwa hawataji mahali, lakini hilo nililiwaza baadaye.

Nilimlaza nikamwangalia. Damu ilikuwa nyingi, lakini mlango wa kizazi ulikuwa umefungwa. Nieleze maana yake, kwa sababu hiyo ndiyo habari yenyewe. Mlango ukiwa wazi, mimba imeshaondoka au inaondoka, na kazi iliyobaki ni kusafisha. Ukiwa umefungwa, huenda mimba bado ipo na mtoto yu hai. Mama anatakiwa alale, kisha apelekwe Kahama taratibu akapigwe picha ya tumbo. Nilifundishwa hivyo, na wanafunzi wanaokuja kwangu mazoezini nawafundisha hivyo. Ila nilikuwa nimeshaona wengi waliomeza vidonge wakaja mapema, mlango bado haujafunguka. Na kila nilipofikiria kumwondoa mtu mlangoni kwangu akiwa anavuja damu, nilimwona yule wa daftari jipya. Nikajiambia huyu naye amemeza. Kumtuma Kahama ni kumtupa kwenye maswali. Nimmalizie hapa hapa, aende zake.

Akaniuliza, "Mama, mtoto atapona?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Huuliza kama itauma, kama mume atajua, kama watazaa tena. Nilimsikia vizuri sana. Nilidhani anaigiza, kama wengine wanavyoigiza kilio, nikamwona huyu fundi wao. Nikamjibu, "Tuombe upone wewe." Nikaufungua mlango kwa vyuma, nikamsafisha. Haikuchukua muda. Alilia kwa sauti ndogo, nikamsifu kwa uvumilivu wake. Kisha nikachukua daftari lake nikaandika maneno yangu.

Alipokuwa anajifunga kanga akasema, kama anayejisemea, "Miaka minne tulikuwa tunamtafuta." Halafu akaniambia, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Akatoka anashika ukuta.

Nilibaki nimekaa na daftari la mgonjwa mwingine mapajani. Nje kulikuwa na mtoto mwenye homa, analia. Nikamwita mama yake aingie.

Sijui kama yule kiumbe alikuwa hai. Sitajua. Ninachojua ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa na aliyeufungua ni mimi. Nilisubiri nione nitahisi nini. Nilidhani nitalia kama nilivyomlilia mponda mawe. Machozi hayakuja. Nilipika, nilifua sare, nilipiga simu nyumbani Kambarage kuulizia watoto wangu. Mtu akifa ganzi mguu, anaugonga na kujua kwamba ameugonga, basi. Ndivyo nilivyokuwa, na kwa kiasi kikubwa ndivyo nilivyo mpaka leo.

Miezi michache baadaye niliitwa semina Shinyanga mjini. Ilihusu mimba zinazotolewa kwa njia zisizo salama. Tulikaa ukumbini kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, kila mtu na chupa yake ya maji. Dada mmoja mwanasheria alisema sheria yetu inakubali pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na kwamba ufinyu huo ndio unaowapeleka mabinti vichochoroni; mlango upanuliwe. Mchungaji mmoja akasimama kumjibu. Alisema mlango huo ukipanuliwa huko machimboni hatazaliwa mtu, na kwamba asiyezaliwa naye ni jirani yetu. Alisema kwa uchungu wa kweli, si kwa kelele. Mwanasheria naye macho yalikuwa yamelowa alipotaja mabinti aliowaona. Niliwaheshimu wote wawili.

Halafu mwenyekiti akanigeukia. "Sista, wewe unatoka huko kwenye dhahabu. Rejista zako zinasemaje?"

"Zinaharibika zenyewe," nikasema.

Ukumbi ulicheka. Mchungaji aliandika kitu kwenye karatasi yake, na mwanasheria naye akaandika. Wakati wa chai yule dada alinivuta pembeni akaniminya mkono: "Hongera, unawalinda." Baadaye kidogo mchungaji naye akanipongeza kwamba eneo langu lina maadili. Nilikula chapati mbili. Nilitaka kuwauliza jambo moja tu: aliyemtaka mtoto wake, akasema kweli, na hakuaminiwa kwa sababu pale kwangu kila mtu husema hivyo hivyo, huyo ni wa upande gani? Lakini nani angeuliza hivyo bila kusema anamjua? Nikaomba chai nyingine.

Mwaka jana, wakati mpunga unavunwa, alirudi. Alipiga goti tena kusalimia, na safari hii nilimwinua mwenyewe. Alikuwa amekonda. Aliniambia kwamba hajashika mimba tena tangu siku ile, na kwamba kwao mume wanasema aliitoa. Jirani mmoja wa machimboni alikuwa amefika Kagongwa akawaambia kwamba kila mtu anajua wanawake wa kule wanaanguka vipi, na nesi wao ni nani. Mumewe alikuwa ameanza kulala nje ya maneno ya mkewe, kama binti alivyosema mwenyewe: yupo naye, lakini hamsikilizi. Jumamosi kungekuwa na kikao. Wakiamua, angerudishwa kwa wazazi wake kama mwanamke aliyeua mtoto wa ukoo.

"Nimewaonyesha daftari, hawalitaki," akasema. "Njoo uwaambie nilianguka kweli. Wewe ndiye uliyeniona."

Nilikwenda Kagongwa. Nilivaa gauni la kanisani badala ya sare.

Ua ulikuwa umeanikwa mpunga kwenye maturubai, na wanaume walikuwa kivulini mwa ukuta: mume, baba yake mkubwa, na mzee mwingine wa ukoo. Mume hakuniangalia usoni. Nililetewa kiti. Binti mwenyewe alikuja na maji ninawe mikono, akayachota kwenye ndoo ya bluu iliyokuwa mlangoni. Ndoo ile ilikuwa na mshono mweusi kutoka mdomoni mpaka karibu na kitako. Huku watu huziba ndoo iliyopasuka kwa kuyeyusha plastiki na kisu cha moto. Nikanawa maji yake.

Kabla sijasema neno, mama mkwe aliyekuwa akigeuza mpunga kwa mguu alikuja akaniomba niingie ndani kidogo. Nilimfuata kwenye chumba cha magunia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, hana sauti ya ugomvi. Akafungua sanduku la bati, akatoa madaftari mawili, akayafungua akayaweka juu ya gunia.

La kwanza lilikuwa la mkwe wake. Mimba imeharibika yenyewe. Amesafishwa. Apumzike siku saba. La pili lilikuwa na maneno hayo hayo, mwandiko huo huo, mpaka nukta zake.

"Hili ni la binti yangu mwenyewe," akasema. "Alikuwa shule. Mimi ndiye niliyemleta kwako, nikamshika mkono, nikakuambia ameanguka na ndoo. Hukumbuki?"

Sikumkumbuka. Walikuwa wengi.

"Hakuanguka popote," akasema. "Ulinisitiria mwanangu. Leo anasoma, na Mungu akulipe, sitasahau. Lakini sasa unataka niliamini daftari hili, na hili lingine nilijue ni uongo?"

Akayafunga madaftari yote mawili.

"Hapa tuko wanawake watupu. Huyu mkwe wangu, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ulimwona akianguka?"

"Hapana."

"Basi huna unalolijua," akasema. "Lisemwalo lipo."

Lakini nilikuwa na ninalolijua. Nilikuwa nalo ulimini. Aliyemeza vidonge hahangaiki kuuliza kama mtoto atapona. Na mlango ulikuwa umefungwa. Na kama kuna aliyeitoa ile mimba, alikuwa amesimama mbele yake amevaa gauni la kanisani. Maneno hayo yangetosha. Mama yule alikuwa mtu wa haki, angeyachukua akatoka nayo nje, na mkwe wake angebaki kwa mumewe. Mimi ningepoteza kazi, labda na zaidi ya kazi, na wale wote wenye madaftari yangu chini ya magodoro wangeanza kuulizwa. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwa ajili yangu, na ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu kwa muda mrefu.

Tulitoka nje. Baba mkubwa akaniuliza kwa heshima kama nina la kusema. Binti alikuwa amepiga magoti karibu na ndoo yake, ananitazama mimi peke yangu.

"Nilichokiandika kwenye daftari ndicho hicho," nikasema.

Mama mkwe akainama akaanza tena kugeuza mpunga. Mzee akasema asante kwa kufika, umetoka mbali. Mume aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Hawakunificha uamuzi: angerudishwa kwao Jumatatu, na kaka yake angeitwa aje kumchukua. Nilipewa soda, nikanywa yote.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Mwenyeji humsindikiza mgeni wake, na yeye alikuwa bado mwenyeji kwa siku mbili. Alinibebea mkoba. Tulipita mashine za mpunga bila kuongea, kwa sababu ya kelele, na baada ya mashine hatukuongea pia. Nilijiambia nitamwambia tukifika kwenye ule mti wa mwarobaini. Tukaupita. Nikajiambia nitamwambia kwenye lami.

Kwenye lami bodaboda ilisimama mara moja. Akanipa mkoba wangu kwa mikono miwili. Hakuwa analia.

"Wabeja, mayu, kwa kuja," akasema. "Wao na waseme. Wewe uliniamini tangu siku ile."

Dereva alikuwa anangoja, injini inanguruma.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia, nikapanda.